Ziwa la Mama

Ndugu yangu mwenye mgonjwa nyumbani na watoto wadogo, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Dawa sina. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili hapa Kalemie, na hiyo kansa sijui inaanzaje wala inatembeaje ndani ya mwili. Waliojaribu kunieleza walinichorea hata picha, nami nikatikisa kichwa kama wanafunzi wangu wanavyofanya wasipoelewa. Ninachokijua ni kimoja. Mke wangu alikufa akiamini kwamba mtoto wake mdogo anamwonea kinyaa. Haikuwa kweli, na mimi ningeweza kumwondolea imani hiyo kwa maneno machache ambayo mtu yeyote mwenye ulimi anaweza kuyasema. Sikuyasema.

Tulikuwa wanne nyumbani. Mke wangu aliitwa Anjelina, ila mtaani wote walimwita Mama Riziki, kwa jina la binti yetu wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wa mwisho ni Feza, wa miaka saba. Kati yao tulizika wawili wachanga, na labda ndiyo maana Feza alidekezwa kupita kiasi, hasa na mama yake. Mama Riziki alikuwa anauza ndagala, yaani dagaa. Asubuhi alizinunua mbichi wavuvi wanaporudi, akazianika mchangani, jioni akazikusanya, na Feza alikuwa nyuma yake siku nzima akifukuza kunguru. Alikuwa mwanamke mwepesi wa kucheka. Nikichelewa kurudi kutoka shuleni alikuwa akiniambia mbele ya watu, "Mwalimu amefundisha mpaka watoto wamezeeka."

Nianze na Jumapili moja, mwisho wa kiangazi. Baada ya ibada tulishuka ziwani sisi wanne kupunga upepo. Feza alikuwa na kandambili mpya nyekundu, alizonunuliwa na mjomba wake, na alikuwa amekatazwa kuzivaa majini. Akazivaa majini. Wimbi likaichukua moja. Alilia kama aliyefiwa, mpaka mama yake akaingia na kitenge chake cha kanisani, maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani, akaikamata ile kandambili na kutoka nayo ameiweka juu ya kichwa kama kofia. Tulicheka sana siku ile. Riziki alicheka mpaka akakaa chini.

Juma lile lile, akiwa anaoga, Mama Riziki aligusa uvimbe. Aliniambia kama mtu anayesema chumvi imekwisha.

"Papa Riziki, kuna kitu hapa ku ziwa. Kama punje ya haragi."

"Inauma?"

"Hapana. Haiume hata."

Basi tukaiacha. Kwa akili zetu, kisichouma hakina haraka. Mvua za kwanza zikaja, watu wakalima, nami nikawa na mitihani ya kusahihisha, na punje ya maharage ikawa yai la njiwa. Ndipo tukaenda hospitali.

Kama hujawahi kungoja na mgonjwa, utajifunza. Kuna benchi refu ukutani, na kadiri watu wanavyoitwa mbele mnasogea makalio, kidogo kidogo. Wengi walikuwa wanawake wenye watoto wachanga. Mama Riziki alikuja na uzi na sindano ya kufumia, akawa anafuma kitambaa cha meza, cheupe chenye maua pembeni. Siku ya kwanza alimaliza ua moja. Siku ya majibu alikuwa kwenye ua la tano, na daktari alipotuita alimaliza kwanza tundu alilokuwa nalo ndipo akainuka. Tulipotoka hakufuma tena. Alitembea mbele yangu mpaka barabarani, akageuka.

"Batoto wasijue," alisema. "Uwaambie ni malaria."

Nami nikaona ni neno la busara. Nikaahidi.

Walimkata ziwa la kushoto katikati ya masika. Mama yake, ambaye watoto wanamwita Nkambo, alishuka kutoka Kirungu na gunia la maharage, na sweta mbili amezivaa moja juu ya nyingine, kwa maana kule juu milimani baridi haina mchezo. Alikuta Riziki ananiuliza kwa nini malaria inafungwa bendeji. Nkambo akanivuta pembeni kabla sijafungua mdomo.

"Mutoto haambiwake mambo ya lufu," alisema. "Ukiitaja, unaiita."

Lufu ni kifo, kwa lugha ya kwao, na hata huku mjini watu wazima wanalitumia neno hilo wasipotaka watoto waelewe. Sikubishana naye. Nilifurahi hata, kwa sababu alinipa ruhusa ya kuwa mwoga. Nikamwambia Riziki malaria ikikaa sana inatoa jipu. Aliniangalia, akaondoka kwenda kuosha vyombo. Hakuniuliza tena swali lolote kuhusu mama yake, na mimi, mwalimu mzima, nikadhani ameridhika.

Tatizo la siri ni kwamba nyumba yetu ina vyumba viwili. Akina mama wa mtaani walikuja kumwona mgonjwa, wakikaa uani kwenye mikeka, na walipofika kwenye ugonjwa wenyewe walishusha sauti. Kushusha sauti ndiko kunakomfanya mtoto asikilize. Feza alikuwa pale pale akichambua maharage ya Nkambo.

"Ni nini inamusumbua?"

"Ni ziwa, mama."

"Ziwa! Pole yake."

"Ziwa njo inamumaliza hivi. Na wanasema imepanda."

Ninyi mnaosoma pengine mmeshaona. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na madaftari, nikayasikia yote, nikaendelea kusahihisha hesabu. Huku kwetu hilo ndilo jina, na mtu mzima akilisikia anajua ni la kifuani. Lakini mwaka ule ziwa lenyewe, maji, lilikuwa linapanda kweli. Lilikuwa limeshameza safu ya kwanza ya nyumba za chini yetu, watu wakahama na milango yao kichwani, na mchanga ambao Mama Riziki alianikia ndagala ulikuwa chini ya maji. Kila asubuhi majirani walisalimiana hivyo: umeamkaje, ziwa limefika wapi? Sasa mchukue mtoto wa miaka saba, mweke katikati ya maneno hayo, na usimwambie kitu.

Baada ya kukatwa, daktari alisema ziko dawa za kuchoma mabaki, ila hapa hazipo. Tukaanza safari za ng'ambo. Boti mpaka Kigoma, kisha basi mpaka Mwanza, sindano, kisha kurudi. Tulizihesabu kwa dozi, na mpaka leo nikitaka kukumbuka jambo la mwaka ule nasema lilitokea kabla ya dozi ya pili, au baada ya ya tatu. Safari ya kwanza nilimpeleka mimi. Zilizofuata alikwenda na kaka yake, maana shule haikuniruhusu tena.

Dozi ya kwanza ilimrudisha na mdomo mkavu wenye vidonda. Ya pili ilimrudisha bila nywele, amejifunga kitambaa, na kucha zake zimekuwa nyeusi. Siku iliyofuata niliamka nikakuta Riziki naye amenyoa kichwa, amekaa nje na mama yake wakipakana mafuta kwenye utosi na kuchekana. Kama kuna siku nzuri katika mwaka ule, ni asubuhi ile. Feza alikuwa amesimama mbali, karibu na jiko, akiwaangalia. Mama yake alimwita, "Feza, kuja unipake na weye." Hakuja.

Ndivyo ilivyoanza. Mtoto aliyekuwa akilala na mkono ndani ya blauzi ya mama yake aliacha kumkaribia. Kila mama yake aliposhuka kwenye boti alijificha. Akaacha kula ndagala, ukimlazimisha anazitema. Tukimtuma kuchota maji ziwani anaficha bidoni, lile dumu la maji, na akiogeshwa anapiga kelele mpaka jirani anauliza nani anauawa. Mkeka wake, ambao ulikuwa kwenye ukuta wa upande wa chini, aliuhamishia upande wa barabara. Nilisema ni kiburi. Nkambo alisema amepatwa na jicho baya. Riziki alisema, "Papa, Feza anaogopa kitu," nami nikamjibu kwamba sote tunaogopa, akachote maji.

Baada ya dozi ya nne kule Mwanza walisema inatosha, arudi akae na watoto wake. Kaka yake alinieleza hayo pale bandarini akiwa ameshika begi, bila kunitazama. Jeraha la kifuani lilifunguka tena na likaanza kutoa harufu. Hilo halisemwi kwenye mahubiri ya matanga, lakini wewe unayeuguza utalijua, basi nakuambia mapema usije ukadhani ni kwako tu. Tuliweka mkaa kwenye karai chini ya kitanda. Jirani alileta ndimu. Mama Riziki mwenyewe alijipaka poda shingoni kila asubuhi, ile poda ya watoto, na kuniuliza kama bado.

"Haiko mubaya," nilisema.

"Feza ameniulizia?"

"Ndiyo. Ameuliza kama umelala vizuri."

Uongo. Feza hakuwa akiuliza hivyo. Aliuliza jambo moja tu, na aliliuliza kila siku: kama Mama atapanda tena boti.

Siku moja mchana nilikuwa nabadilisha bendeji na mikono yangu ilikuwa michafu. Mama Riziki alitaka maji. Nikamwita Feza achote kwenye mtungi, atumie kikombe cha bati cha mama yake, cha bluu, kilichochubuka mdomoni. Alichota. Akaja nacho mpaka mlangoni, akasimama. Mama yake alinyoosha mkono. Mkono ule ulikuwa mwembamba sana wakati huo, pete ya ndoa tulikuwa tumeitoa na kuifunga kwenye leso. Alisema, "Leta, mwanangu." Feza alimwangalia, akaangalia kikombe, halafu akageuza kikombe na kumwaga maji yote sakafuni.

Nilimpiga. Nilimpiga kofi mbele ya mama yake, na mkono wenye dawa ya jeraha. Hakulia. Alikimbia nje na kikombe amekibana kifuani.

Mama Riziki alisema, "Usimupige. Miye njo nanuka. Mutoto anaona kinyaa, si kosa yake." Akageukia ukutani. Nami niliamini kama alivyoamini yeye. Tangu siku ile hakumwita tena Feza. Wala hakujipaka poda tena.

Aliishi siku kumi na tisa baada ya hapo. Upepo wa kiangazi ulikuwa umeanza, ule unaovuma kutoka milimani na kujaza vumbi kwenye sufuria. Alikufa asubuhi, saa ya chai. Riziki ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Riziki alikuwa amejua tangu bendeji ya kwanza. Aliniambia baadaye kwamba alinyamaza ili mimi nisihangaike kutunga uongo mwingine. Fikiria mtoto wa miaka kumi na mitatu anamhurumia baba yake kwa uongo wake.

Feza alikuwa kwa jirani. Nkambo ndiye aliyemfuata, akamchuchumalia na kumwambia, "Mama yako amepumzika."

"Atapumzika mpaka saa ngapi?" Feza aliuliza.

Nkambo akajifunika uso na kitenge. Jioni turubai lilikuwa limefungwa uani, kwaya ya akina mama imefika, na mtoto wangu amekaa chini ya meza ya vikombe anawaangalia watu miguu. Hakulia siku zote tatu za matanga. Watu walimsifu. Walisema, mutoto ana nguvu, anamufanana baba. Siku ya maziko hatukumpeleka makaburini, kwa sababu kwetu mtoto mdogo hapelekwi, na mimi sikuwa na nguvu za kufikiri kama desturi ile inamsaidia nani.

Shule zilifunguliwa Septemba. Feza alikuwa amefika darasa la pili, yaani darasa langu, na darasani ananiita mwalimu kama wengine. Alikaa benchi la tatu, karibu na dirisha. Alikuwa amekonda. Alikuwa hajanawa vizuri miguu. Nilifundisha kama mashine ya kushona, mguu unakanyaga na kitambaa kinapita. Ikafika siku ya somo la maneno yenye maana mbili. Ni somo langu la zamani, nimelifundisha miaka kumi na moja, sifungui hata kitabu. Niliandika ubaoni: KAA. PAA. ZIWA.

Nasema kweli mbele ya Mungu, niliandika neno hilo na sikuhisi kitu. Chaki iliandika yenyewe.

"Kaa ni nini?"

"Kaa chini, mwalimu!" "Kaa la moto, mwalimu!"

"Vizuri. Ziwa?"

"Ile maji ya pale, mwalimu!"

"Na ya pili?"

Kicheko upande wa wavulana. Msichana mmoja wa mbele, ambaye mama yake ana mtoto mchanga, akasimama na kusema bila aibu, "Ziwa ya mama, mwalimu. Ya kunyonyesha mutoto."

"Vizuri sana. Mpigieni makofi."

Wakapiga makofi. Katikati ya makofi Feza alisimama. Hakunyoosha mkono. Alishika benchi kwa mikono miwili.

"Mwalimu," alisema, "ile yenye iliua Mama ilikuwa gani?"

Makofi yalikufa na mtoto mmoja alianza kulia bila kujua kwa nini. Niliwaambia waende mapumziko, ingawa kengele ilikuwa bado, na mwenzangu wa darasa la tatu alitoa kichwa dirishani kuona nini kimetokea. Nikaenda kukaa kwenye benchi la tatu, magoti yangu yakagusa kidevu. Nikamwomba aniambie yeye alidhani ni gani.

Aliniambia yote polepole, akikwangua benchi kwa ukucha. Kwamba siku ya kandambili Mama aliingia ziwani mpaka hapa, akajigusa kifua. Kwamba maji yalimwingia hapo hapo, na juma lile akaanza kuumwa. Kwamba watu walisema ziwa njo linamumaliza, na kila alipopanda boti ziwa lilimrudisha amepungua, likachukua mate, likachukua nywele, likachukua kucha. Kwamba walisema limepanda, na yeye alikwenda kuangalia akakuta kweli limepanda, limebakiza nyumba nne lifike kwetu. Kwamba yeye njo alivaa kandambili kwenye maji wakati alikatazwa.

"Na yale maji?" niliuliza. "Yale ya kikombe?"

Aliniangalia kwa mshangao, kama anayemshangaa mtu mzima asiyejua jambo dogo.

"Yalitoka ku ziwa, Papa. Juu ya nini nimupe tena?"

Mganga hajigangi, wanasema, na mwalimu je? Neno nimelifundisha miaka kumi na moja na mtoto wangu ameliwa nalo ndani ya nyumba yangu. Alimwaga maji yale ili kumwokoa mama yake. Na kwa hilo mimi nilimpiga kofi.

Nilimweleza. Nilijigusa kifua na kumwambia ugonjwa ulikuwa hapa, kwenye nyama, kwenye ziwa alilonyonya yeye na dada yake, na jina lake ni kansa. Nilimwambia kansa haitoki kwenye maji wala kwenye kandambili, haikuja kwa sababu ya ubishi wa mtoto yeyote, na kwamba punje ile ilikuwepo kabla ya Jumapili ile, ila mama yake hakuwa ameigusa. Nilimwambia malaria ilikuwa uongo na mimi ndiye niliyeutunga. Nikamwambia, "Mama amekufa, Feza. Hakupumzika. Amekufa, na hatarudi." Lilikuwa neno nililoliogopa mwaka mzima. Alilipokea vizuri kuliko nilivyolitoa. Akauliza kama aliyekufa anasikia baridi, nikasema hapana. Akauliza kama na mimi nina punje, nikasema sijui kwamba ninayo, na nikiiona nitamwambia siku hiyo hiyo.

Halafu akauliza lile ambalo naliogopa mpaka leo.

"Mama alijua? Alijua kama nilikuwa naogopa ziwa, haikuwa yeye?"

Uongo ulinijia mdomoni wenyewe, mtamu, umeshaiva. Ndiyo mwanangu, mama anajua kila kitu, mama yuko mbinguni anakuona. Nilikuwa nimedanganya mwaka mzima, mmoja zaidi ungekuwa nini? Lakini niliziona kucha zake kwenye lile benchi, na nikaona kwamba nikimpa huu ataujua baadaye kama Riziki alivyojua, na hatakuwa na mtu tena wa kumuuliza.

"Hapana, Feza," nilisema. "Hakujua. Alifikiri unamwogopa yeye. Na miye sikujua, kwa hiyo sikumwambia. Ni kosa langu, si lako."

Ndipo alipolia. Alilia kilio chote cha matanga ambacho hakuwa amekilia, kichwa kwenye shati langu, mpaka watoto wakarudi na kusimama mlangoni na Riziki akaitwa kutoka darasa lake. Alipomaliza alijifuta na mkono wa nguo. "Basi twende tumwambie," alisema.

Wewe utakayefika mahali hapa, na sikuombei ufike, usiniambie mtoto haelewi. Mtoto anaelewa. Shida ni kwamba anaelewa kwa kile alichopewa, na usipompa kitu atakiokota mwenyewe uani, katikati ya minong'ono. Mwambie jina la ugonjwa, na unapolitaja weka kidole mahali penyewe. Muulize yeye anadhani umetoka wapi, kisha unyamaze umsikilize. Na akimwaga maji, muulize kwanza.

Jumamosi tulijiandaa. Nkambo, ambaye alikuwa bado hajarudi Kirungu, alisimama mlangoni.

"Mutoto haendake ku makaburi."

"Nkambo, leo ataenda," nilisema. Nilimweleza habari ya ziwa, yote, pale pale mlangoni, na watoto wanasikia. Alisikiliza huku ameshika shavu. Akakaa chini kwenye kizingiti. Baada ya muda akaingia ndani, nikadhani amekasirika. Alitoka na kile kikombe cha bluu, akakifuta vizuri kwa ncha ya kitenge chake na kumpa Feza mkononi.

Feza alitaka kuchota mwenyewe. Tukashuka ziwani. Alivua kandambili mbali kabisa na maji, akazipanga, akamwambia dada yake azilinde. Alisimama pembeni muda mrefu. Wimbi dogo lilipomgusa vidole alirudi nyuma, akaja tena, akainama na kuzamisha kikombe. Toka pale mpaka makaburini ni saa nzima kwa mguu wa mtoto, na hakukubali tumsaidie. Alifunika kikombe na kiganja. Yakimwagika kidogo alisimama, akaangalia yamebaki mangapi, akaendelea.

Kaburi lilikuwa bado udongo mwekundu na msalaba wa mbao. Riziki aling'oa majani mawili matatu. Feza aliuliza kichwa kiko upande gani, nikamwonyesha, akaenda kuchuchumaa hapo.

"Mama," alisema, kwa sauti ya kawaida, kama anamwamsha, "maji njo haya. Ile siku sikukuogopa weye. Nilikuwa naogopa ziwa. Papa amesema haikuwa ile ziwa, na haikuwa miye." Akasogea karibu zaidi. "Haukuwa unanuka sana."

Akamimina polepole. Udongo ulikuwa mkavu na ukanywa upesi. Alipofika nusu aliinua kikombe, akaangalia ndani, akaja kwangu na kuninyooshea.

"Na weye ukunywe, Papa," alisema. "Haina kitu."

Kila mwaka nawafundisha watoto wa darasa la pili kwamba maji ya ziwa hayanywewi kabla ya kuchemshwa. Niliyanywa yote.